Andika Ulichokipima

Iko desturi moja katika vyumba vya sayansi vya shule zetu ambayo sote twaijua na wachache tu huitaja. Leo nataka kuitaja waziwazi, si kwa nia ya kumwaibisha mwanafunzi wala mwalimu yeyote, bali kwa sababu naamini kwamba inawaharibu vijana wetu wema pole pole bila wao kujua. Desturi yenyewe ni kupika hesabu za majaribio.

Mambo huenda hivi. Mwanafunzi hupima, huandika kwa penseli, kisha hutazama kitabu. Akiona namba zake hazikubaliani na za kitabu, huchukua raba, akafuta zake, akaandika zile ambazo kitabu kingezipenda. Halafu huchora grafu yenye mstari ulionyoka kama uzi wa fundi mwashi, hupata alama 9 katika 10, na siku inapita kwa amani. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyeumizwa. Basi kosa li wapi?

Mimi nasema kosa lipo, tena ni kubwa. Na ili nisiseme maneno ya hewani, nitashika somo moja tu ambalo karibu kila aliyesoma fizikia amelipitia, nalo ni kanuni ya Boyle: jinsi mgandamizo wa gesi unavyobadilika ujazo wake ukibadilika, joto likibaki lile lile.

Kanuni yenyewe

Kwanza tukumbushane, kwa faida ya wazee wa shule ambao wameachana na vitabu siku nyingi. Chukua kiasi fulani cha hewa, uifungie mahali isipoweza kutoka wala kuongezeka. Ukiipunguzia nafasi hata ikawa nusu, mgandamizo wake huwa mara mbili. Ukiipunguzia hata ikawa robo, mgandamizo huwa mara nne. Ukiipa nafasi mara mbili ya ile ya kwanza, mgandamizo hushuka ukawa nusu. Kwa hiyo ukizidisha mgandamizo kwa ujazo, jawabu huwa moja siku zote, mradi joto lisibadilike.

Sababu yake si ngumu. Gesi ni chembe ndogo mno zisizotulia, zinazokimbia huku na huko na kugonga kuta za chombo. Kule kugonga ndiko tunakokuita mgandamizo. Chembe zile zile zikibanwa katika nusu ya nafasi, hugonga kila sehemu ya ukuta mara mbili ya zilivyogonga kwanza, kwa muda ule ule. Daniel Bernoulli alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1738. Na sharti la joto ni la lazima, kwa kuwa chembe zikipata joto hukimbia zaidi na kugonga kwa nguvu zaidi. Kila aliyejaza upepo tairi ya baiskeli kwa haraka ajua jinsi pampu inavyopata moto mkononi. Hapo hewa imebanwa kabla joto lake halijapata nafasi ya kutoka, na kanuni ya Boyle haifai kutumika mpaka hewa ipoe.

Haya yote mwanafunzi mwenye akili aweza kuyakariri kwa dakika 5. Ndiyo maana aona kupima ni kazi bure. Kwa nini nipime, asema, jambo ambalo jawabu lake limekwisha kuandikwa tangu zamani? Swali hilo ni la haki, na anayefaa kulijibu ni Boyle mwenyewe.

Jedwali la mwaka 1662

Robert Boyle alizaliwa Ireland mwaka 1627, akafa London mwaka 1691. Mwaka 1660 alitoa kitabu juu ya majaribio aliyoyafanya kwa pampu ya hewa, ambayo alisaidiwa kuitengeneza na Robert Hooke. Kitabu kile kilipata wapinzani. Mmoja wao alikuwa padre Mjesuiti, jina lake Franciscus Linus. Yeye hakukubali kwamba hewa ina nguvu ya kutosha kuishikilia zebaki juu ndani ya bomba la kioo. Alidai kwamba kuna kitu kama uzi usioonekana ambacho ndicho kinachoivuta. Boyle hakumjibu kwa matusi. Alimjibu kwa vipimo, katika toleo la pili la kitabu chake, mwaka 1662.

Alitumia bomba refu la kioo lililokunjwa mfano wa herufi J. Mkono mfupi ulikuwa umezibwa juu, mkono mrefu ukaachwa wazi. Ndani ya mkono mfupi ilifungiwa hewa ya urefu wa inchi 12, iliyogawanywa sehemu 48. Kisha zebaki ikamiminwa kidogo kidogo katika mkono mrefu, hewa ikabanwa, naye akaandika. Kazi haikuwa nyepesi. Kabla ya kufanikiwa alivunjikiwa na bomba katikati ya jaribio. Na lile alilotumia mwishowe lilikuwa refu mno, halikufaa chumbani, ikabidi kulisimamisha penye ngazi za nyumba.

Sasa tazama jedwali lake. Lina mistari 25. Safu moja yaonyesha mgandamizo alioupima, kwa inchi za zebaki. Safu ya mwisho yaonyesha mgandamizo ambao ungepaswa kuwapo kama kanuni ni ya kweli. Hewa ilipokuwa sehemu 48, mgandamizo ulikuwa inchi 29 2/16. Ilipobanwa ikawa sehemu 24, yaani nusu kamili, kanuni ilitaka inchi 58 4/16. Boyle alipata 58 13/16. Ilipobanwa ikawa sehemu 12, yaani robo, kanuni ilitaka inchi 116 8/16. Yeye alipata 117 9/16, zaidi ya inchi nzima kupita ilivyotakiwa.

Ngoja hapo, msomaji. Huyu ni mtu aliyekuwa katika mabishano makali mbele ya wataalamu wenzake. Mpinzani wake alikuwa akitafuta ufa apenyeze ncha ya kisu. Ilikuwa rahisi sana kwa Boyle kuandika 58 4/16 mahali pa 58 13/16, na hakuna mtu ambaye angalijua, maana aliyeshika rula ni yeye na wasaidizi wake tu. Hakufanya hivyo. Alizichapa namba zote mbili, aliyoipata na iliyotakiwa, ubavu kwa ubavu, akasema kwamba katika majaribio magumu namna hii upungufu mdogo wa usahihi ni vigumu kuepukwa. Wala hakujitwalia sifa zote, bali alitaja kwamba wazo la uhusiano ule wa namba alilipata kwa Richard Towneley. Miaka ya 1670 Mfaransa Edme Mariotte naye aliandika juu ya jambo hilo hilo, na ndiyo sababu majirani zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo waliosomeshwa kwa Kifaransa huiita kanuni ya Boyle na Mariotte.

Basi fikiri. Mtu ambaye kanuni yaitwa kwa jina lake hakupata jawabu kamili katika jaribio lake mwenyewe. Alikosea kwa kadiri ya sehemu 1 katika 100, akaandika hivyo, na leo, baada ya miaka zaidi ya 350, twamheshimu. Lakini kijana wa kidato cha tatu hupata jawabu kamili kila mara, kwa bomba la sindano la plastiki na rula iliyokatika ncha. Je, yeye ni hodari kuliko Boyle?

Hewa ya kwetu si hewa ya kitabu

Iko alama moja ambayo kwayo hesabu zilizopikwa hujulikana upesi, hasa katika nchi yetu ya Uganda. Vitabu vingi husema kwamba mgandamizo wa hewa ni sentimita 76 za zebaki, au kilopaskali 101. Namba hizo ni kipimo cha kawaida kilichowekwa kwa usawa wa bahari. Mombasa au Dar es Salaam hutakosea sana ukizitumia. Lakini Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na Kampala yapata mita 1,200. Huku juu hewa iliyo juu ya vichwa vyetu ni pungufu, na mgandamizo wake ni karibu sentimita 66 za zebaki, yaani karibu kilopaskali 88. Kabale, milimani, ni mdogo zaidi ya hapo.

Mwanafunzi wa Kampala akianza jaribio lake kwa kuandika 76, amekwisha kukosea kwa sehemu 15 katika 100 kabla hajagusa chombo chochote. Na kama mwishoni majawabu yake yote yanakubaliana vizuri, basi hakuna haja ya kumwuliza maswali mengi. Daftari lenyewe limekwisha kusema.

Boyle hakufanya hivyo. Ile namba yake ya 29 2/16, ambayo ni karibu sentimita 74, haikutoka katika kitabu cha mtu. Ilikuwa ndio uzito wa hewa aliyoivuta yeye, mahali pake, naye aliijumlisha katika kila mstari wa jedwali kwa sababu hewa ya nje nayo husukuma. Nasi tuwe na namba yetu. Si aibu kwamba yetu ni ndogo kuliko ya vitabu. Aibu ni kuazima ya watu na kuiita yetu.

Namba inayokataa huwa na habari

Sasa nije kwenye kiini cha maneno yangu. Watu wengi hufikiri kwamba namba isiyokubali ni uchafu, nao huifuta kama mtu apanguzavyo vumbi mezani. Mimi nasema namba isiyokubali ni mjumbe. Aliyeifuta amemfukuza mjumbe kabla hajasema alilotumwa.

Nitatoa mfano ambao kila mwanafunzi aweza kuukagua mwenyewe. Tuseme una bomba la sindano lililounganishwa kwa mpira mwembamba na geji ya mgandamizo, nawe uko Kampala. Unabana pole pole, unangoja hewa ipoe, unaandika mgandamizo wote pamoja na ule wa hewa ya nje. (Uangalie geji yako, kwa maana geji nyingi huonyesha ziada tu, nazo husimama kwenye 0 hata kama hewa ya kawaida imo ndani.) Ukapata hivi:

Ujazo mililita 50, mgandamizo kilopaskali 88. Ukizidisha: 4,400.
Ujazo mililita 40, mgandamizo kilopaskali 109. Ukizidisha: 4,360.
Ujazo mililita 25, mgandamizo kilopaskali 169. Ukizidisha: 4,225.
Ujazo mililita 20, mgandamizo kilopaskali 208. Ukizidisha: 4,160.

Majawabu hayalingani. Mpishi wa hesabu atainua raba yake, ataandika 110 mahali pa 109, 176 mahali pa 169, na 220 mahali pa 208, apate 4,400 kila mstari. Lakini mtu mwenye macho atatazama tena na kusema: jambo hili ni la ajabu, kwani namba hazipandi na kushuka ovyo, bali zinashuka kwa utaratibu. Kila nikibana zaidi, upungufu huzidi. Iko sababu.

Na sababu ipo. Ndani ya ule mpira mwembamba mna hewa pia, nayo hukuihesabu. Tuseme ni mililita 2. Iongeze katika kila ujazo, uzidishe upya: 52 kwa 88 ni 4,576, 42 kwa 109 ni 4,578, 27 kwa 169 ni 4,563, 22 kwa 208 ni 4,576. Tazama jinsi zilivyokaribiana! Zile namba zilizoonekana mbovu ndizo zilizokuonyesha hewa iliyojificha usiyoiona kwa macho. Aliyezifuta alipata alama 9 na hakujifunza kitu. Aliyeziacha amegundua jambo, na ugunduzi huo ni wake mwenyewe.

Usidhani kwamba hayo ni mambo ya watoto wa shule tu. Mwingereza Lord Rayleigh alikuwa akipima uzito wa gesi ya naitrojeni. Aliona kwamba ile aliyoitoa hewani ni nzito kidogo kuliko ile aliyoipata kwa njia ya kemia. Mwanzoni tofauti ilikuwa kama sehemu 1 katika 1,000. Nani asingeiita hiyo bahati mbaya ya mizani? Yeye hakuificha. Mwaka 1892 aliandika barua katika jarida la Nature, akawaomba wasomaji wamsaidie kuieleza. Akaendelea kupima, tofauti ikakua ikawa kama sehemu 1 katika 200. Mwaka 1894 yeye na William Ramsay wakatangaza kwamba hewa ina gesi nyingine ambayo hakuna aliyeijua, nayo ni argoni. Argoni ni karibu sehemu 1 katika 100 ya kila pumzi uivutayo. Mwaka 1904 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel, Rayleigh ya fizikia na Ramsay ya kemia. Nao mlango wa ugunduzi huo ulikuwa tofauti ndogo ambayo wengi wetu tungeifuta.

Hata kanuni ya Boyle yenyewe imepata nyongeza kwa njia hiyo. Watu waliopima kwa uangalifu mkubwa zaidi katika karne ya 19 waliona kwamba gesi za kweli hazitii kanuni sawasawa, hasa zikibanwa sana. Hawakuzipika. Mwaka 1873 Mholanzi Johannes van der Waals alieleza kwamba chembe za gesi nazo zina ukubwa wake na huvutana, akatoa kanuni mpya inayoyahesabu hayo. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1910. Kama wale waliomtangulia wangalifuta tofauti zao ili kumheshimu Boyle, van der Waals asingalikuwa na kitu cha kueleza.

Mtungi wa oksijeni

Labda mtu atasema, mimi sitaki tuzo ya Nobel. Nataka kufaulu, nipate kazi, niwasaidie wazazi wangu. Vema. Basi tuizungumze kazi.

Mwaka 2021, ugonjwa wa Korona ulipozidi, hospitali za nchi nyingi, Uganda ikiwamo, zilihangaika kutafuta oksijeni. Oksijeni huletwa imebanwa ndani ya mtungi wa chuma. Tuseme mtungi una nafasi ya lita 50, na geji yasoma 150, yaani mgandamizo wa karibu mara 150 ya hewa iliyo usawa wa bahari. Kwa kanuni ya Boyle, gesi ile ikitoka nje itakuwa takriban lita 50 mara 150, yaani lita 7,500. Mgonjwa akipewa lita 5 kwa dakika, ni lita 300 kwa saa, na mtungi utamtosha takriban saa 25. Lakini geji ikisoma 30, zimebaki takriban lita 1,500 tu, yaani saa 5. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa sababu zile zile alizozieleza van der Waals. Hata hivyo yatosha kumwambia muuguzi wa zamu ya usiku kama mtungi utafika asubuhi au hautafika.

Sasa niambie, muuguzi huyo unataka awe amelelewa katika desturi ipi? Unataka awe yule aliyezoea kuandika alichokiona, au yule aliyezoea kuandika kinachopendeza? Saa 4 usiku geji yasoma 30, naye amechoka, na karatasi ya zamu yataka aandike namba. Kama kwa miaka minne alifundishwa kwamba namba ni pambo la kumpendeza msahihishaji, ataandika 50 kwa kuwa ndivyo ilivyopaswa kuwa. Mkono uliozoea raba hauachi desturi yake siku ya kuvaa sare nyeupe.

Na si hospitalini tu. Wazee wa shule wanaosoma ukurasa huu wamo katika benki, katika ujenzi wa barabara, katika ghala za dawa, katika ofisi za ukaguzi wa hesabu. Wao wajua kuliko mimi jinsi jengo linavyobomoka kwa sababu mtu mmoja aliandika kipimo cha zege ambacho hakukipima. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Namba iliyofichwa nayo ni maradhi.

Majibu kwa wanaopinga

Najua yako maneno ya kunijibu, na si ya kudharauliwa.

Wa kwanza watasema, mtihani hautoi alama kwa unyofu, watoa kwa jawabu. Ni kweli kwamba mwanafunzi anaogopa, na hofu yake ina msingi. Kwa hiyo mzigo si wake peke yake. Mwalimu akisahihisha daftari kwa kutazama mstari wa mwisho tu, yeye ndiye amnunuliaye raba. Namwomba mwalimu wangu kwa heshima zote: toa alama kwa jedwali la kweli lenye maelezo ya kosa, kuliko jedwali zuri lisilo na maelezo. Ukifanya hivyo muhula mmoja tu, utaona madaftari yanavyobadilika.

Wa pili watasema, vyombo vyetu ni vichache, tena vibovu. Hilo nalo ni kweli katika shule nyingi, ambamo wanafunzi 10 huzunguka chombo kimoja na mmoja tu ndiye ashikaye. Lakini chombo kibovu kinachosomwa kwa uaminifu hufundisha zaidi kuliko chombo kizuri kisichosomwa. Bomba linalovuja litakuonyesha mgandamizo ukishuka kidogo kidogo huku ujazo haubadiliki. Andika hivyo. Umejifunza habari za kuvuja, nayo ni elimu ambayo fundi wa gereji hulipwa kwayo.

Wa tatu watasema, tukiruhusu kila mtu aandike alichokiona, wavivu watapima ovyo na kudai, “Ndivyo nilivyoona.” Hili ndilo neno lenye nguvu kuliko yote. Lakini uaminifu si uzembe. Mtu mwaminifu hupima mara tatu, huandika zote tatu, na husema ni ipi anayoitilia shaka na kwa nini. Ngoja hewa ipoe. Soma geji macho yakiwa sawa na mshale. Kagua mpira kama unavuja. Baada ya hayo yote, kama namba bado inakataa, iache ikatae, nawe ueleze. Mvivu hawezi kueleza, na hapo ndipo atakapojulikana.

Lifanyike nini?

Natoa shauri la mambo manne, yote ya gharama ndogo.

La kwanza, namba za vipimo ziandikwe kwa kalamu ya wino. Iliyokosewa ikatwe kwa mstari mmoja ili isomeke bado, na pembeni iandikwe sababu ya kukatwa. Isifutwe.

La pili, kila asubuhi mgandamizo wa hewa ya shule yetu upimwe na kuandikwa ubaoni mlangoni mwa chumba cha sayansi, na wanafunzi wapokezane zamu ya kuupima. Mwaka ukiisha tutakuwa na namba zetu wenyewe, na hakuna atakayeandika 76 tena.

La tatu, siku ya jaribio la Boyle majedwali ya makundi yote yaandikwe ubaoni pamoja, mazuri na mabaya, na saa nzima itumike kuuliza kwa nini yamehitilafiana. Saa hiyo itafundisha kuliko mihadhara 10.

La nne ni kwa wazee wa shule. Tunapokutana kila mwaka twapenda kuchangia vikombe na ngao za michezo, nazo ni nzuri. Mwaka huu tuchangie geji na mabomba ya sindano, yatoshe wanafunzi wawili wawili. Mwanafunzi aliyeshika chombo kwa mkono wake mwenyewe huona uchungu kuikana namba yake. Aliyesimama nyuma ya wenzake 9 hana cha kukana.

Mdogo wangu unayesoma haya usiku wa kuamkia jaribio, nina neno moja kwako. Kesho utapima, na yumkini namba moja haitakubali. Jirani yako atakunong'oneza uifute. Usiifute. Zungushia duara, uandike pembeni, “Hii sijaielewa.” Alama 1 itakupotea pengine, lakini umeshika njia ile ile ya aliyesimamisha bomba lake penye ngazi mwaka 1662, akaandika 58 13/16 huku akijua ilitakiwa 58 4/16.

Mwanafunzi wa Zamani